Uongo Njoo, Utamu Kolea: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fantasia

Tangu gazeti hili lilipochapisha hadithi yangu fupi ya mji uliozama ziwani, na wakazi wake wakaendelea kulipa kodi ya pango huko chini, barua zimekuja nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu mwenye macho na masikio, anayeishi katika mtaa uliojaa visa vya kuandika, ana haja gani ya kubuni nchi ambayo haipo? Nimechagua barua tano. Nyingine zimenifikia, na wenyewe wanisamehe.

SWALI: Ndugu mwandishi, nimefundisha fasihi shule za sekondari kwa miaka ishirini na sita. Nimeisoma hadithi yako, na lugha yake sina ugomvi nayo. Ninachohangaika nacho ni kwamba wanafunzi wangu wanatembea saa nzima na nusu kuja darasani, wasichana wawili wameacha masomo muhula huu, na haya ndiyo mambo yanayotuhusu. Mwandishi anapoyaacha akatuandikia miji ya chini ya maji, hakimbii ukweli? Tumezoea kuwaambia watoto kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kioo chako kinaonyesha nini? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Niruhusu nianze na maneno ambayo wanafunzi wako waliyajua kabla ya kujua kusoma. Msimulizi husema, “Hadithi, hadithi!” na wasikilizaji hujibu, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Tazama anayeuita uongo ni nani. Msimulizi hajautaja, ni wasikilizaji wenyewe wanaouita, kwa sauti moja, kabla hawajasimuliwa hata neno. Uongo wa kudanganya hujificha na kujipa jina la ukweli, lakini huu umekaribishwa kwa jina lake na kupewa nafasi mkekani. Kwa hiyo aliyekaa kusikiliza habari ya sungura mwenye maneno hajadanganywa na mtu, na anayedai kwamba ngano imemdanganya amesahau alichokijibu mwanzoni.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi kijijini kandokando ya barabara ya Pangani, hakukubali kusimulia mchana. Alisema anayesimulia mchana huota mkia, nami kwa miaka kadhaa niliamka asubuhi nikijipapasa. Bibi huyo alikuwa ameona njaa kali utotoni. Ukimuuliza habari za mwaka ule alikujibu kwa sentensi mbili, kwamba mvua hazikuja na watu walikula mizizi, kisha akaomba apewe ungo wake. Usiku, hata hivyo, alikuwa na ngano ya zimwi lililomeza kijiji kizima, na ndani ya ngano hiyo kulikuwa na mahali ambapo sauti yake ilishuka. Mama mmoja, akiwa ndani ya tumbo la zimwi pamoja na wanawe, anagawa vipande vya muhogo gizani. Hawezi kuviona, kwa hiyo anavipima kwa vidole. Kila mtoto anapata kipande, kilicho kidogo kuliko vyote anajiwekea mwenyewe, anakishika kwa muda, halafu anakirudisha chunguni na kuwaambia wanawe kwamba tayari amekula. Bibi alikuwa akifanya hivyo kwa mkono wake, akipapasa mkeka kana kwamba vipande vimo pale. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipotambua kwamba muhogo ule haukuwa wa zimwi.

Hapo ndipo lilipo jibu langu, Mwalimu, nami sina jingine bora zaidi. Mwandishi huchagua fantasia pale ambapo jambo alilo nalo linakataa kusemeka likiitwa kwa jina lake. Si lazima awe analiogopa. Mara nyingi ni kwa sababu jina lake limeshachoka: tukisema “njaa”, msomaji anakumbuka taarifa ya habari, anakumbuka idadi, anauliza ilikuwa wilaya gani na nani alikuwa madarakani, na kabla hatujafika kwenye kile kipande cha muhogo ameshachukua upande. Zimwi linaondoa yote hayo. Ndani ya tumbo lake hakuna wilaya wala mwaka, kuna vidole vya mama na chungu tu, nawe huna mahali pengine pa kutazama.

Kuhusu kioo, sipingi kwamba fasihi ni kioo, ila napenda kukukumbusha kinyozi. Akishakunyoa, kioo cha mbele yako umekwisha kukitazama na uso wako unaujua. Anachukua kioo cha pili na kukishika nyuma yako, nacho kinakuonyesha kisogo ambacho watu wote mtaani wanakiona isipokuwa wewe. Hadithi za wanafunzi wanaotembea saa moja na nusu ni kioo cha mbele, nazo ziandikwe, tena ziandikwe zaidi kuliko sasa. Mji uliozama nimeuandika kwa ajili ya kisogo: nilitaka kuonyesha jinsi tunavyozoea. Watu wale hawakushangaa kuzama. Walichoshangaa ni pale mwenye nyumba alipochelewa kuja kudai kodi.

Nikubali pia upande ulio wako. Ipo fantasia ya kukimbia, ambayo mwandishi anaiingia kwa kuwa hajui bei ya sukari na hataki kuijua, nami nimeshaiandika. Iko katika sanduku chini ya kitanda changu na itabaki humo.

SWALI: Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba Shaaban Robert aliandika *Kusadikika* kimafumbo kwa sababu aliwaogopa wakoloni. Kama fantasia ni maficho, basi sisi tulio huru tunajificha nini? Kwa nini msiseme waziwazi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ulichofundishwa ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imerudiwa sana hata imekuwa kama ukweli wote. Ni kweli kwamba *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na kwamba mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Mtu wa hali yake asingeandika makala ya kumtukana gavana akabaki na kazi. Lakini hebu kipime kitambaa alichojifunika. Karama, mhusika mkuu, anasimamishwa mbele ya mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Kusadikika akishtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, yaani kwa kuwapa watu elimu ya kudai haki. Anayemshtaki ni waziri anayeitwa Majivuno. Wajumbe waliotumwa na nchi hiyo wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Ofisa yeyote wa Kiingereza aliyefaulu mtihani wake wa Kiswahili angeelewa bila kufasiriwa. Kama nia ilikuwa kujificha tu, basi Shaaban Robert alijificha kama mtoto anayejifunika kanga usoni akaacha miguu nje.

Alikuwa anatafuta kitu kingine, na dalili yake iko mahali alipoiweka nchi yenyewe. Kusadikika iko angani. Kwa kuwa iko angani, pande zake si nne kama zetu. Zipo mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, kisha inaongezeka mbinguni, juu yake, na ardhini, chini yake. Wajumbe kwa hiyo ni sita, na mmoja wao anatumwa ardhini kama vile balozi anavyotumwa nchi ya kigeni. Soma mahali hapo polepole. Ardhi hii unayoikanyaga, yenye shamba lako na kaburi la babu yako, imegeuka ugenini, na mtu anafunga safari kwenda kuchunguza watu wake wanaishi vipi. Mwandishi wa uhalisia, hata awe fundi kiasi gani, hana njia ya kukuhamisha kutoka katika dunia yako kisha akurudishe ukiwa mgeni ndani yake. Shaaban Robert alifanya hivyo kwa kuinua nchi moja hewani.

Na kuna lile la idadi. Kila mjumbe anarudi na mambo yenye manufaa kwa nchi yake, na malipo yake yanakuwa kifungo. Angefungwa mmoja, msomaji angemlaumu ofisa aliyemfunga. Wakifungwa sita, kwa mwendo uleule, unaacha kuuliza habari za ofisa na kuanza kuuliza habari za sheria. Katika riwaya ya kihalisia marudio hayo yangechosha, au mhakiki angesema mambo hayatokei hivyo. Ngano inayaruhusu, kwa sababu sikio letu limelelewa na marudio. Ndiyo maana wakoloni waliondoka na kitabu hakikuondoka nao: vizazi vilivyokisoma baada ya 1961 havikupata shida kumtambua Majivuno, ingawa sasa alikuwa na rangi yao.

Anayedhani fantasia ni maficho salama atazame pia yaliyompata Ngũgĩ wa Thiong’o. *Matigari* kilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, watu walianza kumzungumzia mhusika huyo, anayezunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi, kana kwamba ni mtu wa kweli. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba amri ilitolewa Matigari akamatwe, na polisi walipogundua kwamba ni mtu wa kitabuni, nakala za kitabu zikachukuliwa madukani mwaka 1987. Mhusika wa kubuni alisakwa kabla ya kitabu chake. Sijui mwandishi gani wa uhalisia amewahi kupata heshima kama hiyo.

Mfano wa mwisho unakwenda kinyumenyume, nao ndio ulionishawishi mimi. Euphrase Kezilahabi alianza na *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya ya Ukerewe yenye baba mkali, binti, shule na aibu, vyote vikiwa na majina yake, na kwa uwazi huo kitabu kilizuiwa kwa muda kutumika mashuleni. Kama fantasia ingekuwa ngao, angeikimbilia mara moja. Hakufanya hivyo. Aliendelea na uhalisia katika riwaya zilizofuata, na miaka karibu ishirini ilipita ndipo akatoa *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo ndani yake wakati na mahali havishikiki. Hapo hakuwa mtu wa kumwogopa mwalimu mkuu. Swali lake ndilo lililokuwa limebadilika. Mwanzoni aliuliza baba amemfanya nini bintiye, na kwa swali hilo nyumba moja kisiwani inatosha. Baadaye aliuliza ukweli wenyewe ni kitu gani na nani aliupoteza, na swali hilo huwezi kulikalisha kwenye kigoda sebuleni. Wapo wasomaji ambao hawajamsamehe mpaka leo. Nilipomsoma mara ya kwanza nilikuwa miongoni mwao.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo na ni mtu wa dini. Kuandika habari za majini na uchawi si kueneza ushirikina? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Katika *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952, kuna jini anayewageuza ndugu wawili kuwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Mwandishi wake alikuwa Mwislamu ambaye kumtaja Mungu hakumchoshi, na sijasikia msomaji aliyetoka katika kitabu hicho akaenda kutafuta jini. Ushirikina unakudai mambo mawili, uamini na utoe. Mganga anataka kuku mweupe na hataki maswali. Mwandishi anataka bei ya kitabu, kisha anakuomba uulize maswali yote uliyo nayo. Ukiwa na mashaka na kitabu fulani, tazama kama kimekuachia akili yako ulipokifunga. Kama hakikukuachia, kiweke chini, uwe umekikuta kwenye rafu ya fantasia au kwenye rafu ya mawaidha.

SWALI: Tuite nini kwa Kiswahili? Fantasia, njozi, bunilizi? (Mfasiri, Nairobi)

JIBU: Ita fantasia; neno limeshapata uraia. “Bunilizi” ni pana mno, kwani hata riwaya ya upelelezi ni bunilizi, na “njozi” inamfanya msomaji atarajie kwamba mwishoni mtu ataamka. Sayansi ikiwa ndiyo inayoendesha maajabu, sema bunilizi ya kisayansi. Maajabu yakitokea katikati ya maisha ya kawaida na hakuna anayeshtuka, wahakiki husema uhalisia mazingaombwe, neno refu ambalo mimi hulitumia pale tu ninapolipwa kwa idadi ya maneno.

SWALI: Shikamoo. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, ya mji ambao watu huuza vivuli vyao ili kulipa madeni. Nimekuletea kurasa kumi. Mhariri mmoja ameniambia kwamba wasomaji wa Kiswahili hawanunui mambo hayo, nihamishie kisa chote Mwanza na badala ya vivuli niweke mikopo ya simu. Nifanye nini? (Mwandishi chipukizi, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhariri wako anaijua biashara yake na simlaumu, lakini wasomaji wa Kiswahili wameishi na Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi za pwani, kwa karne kadhaa, na sijui walimpataje kama mambo hayo hawayataki.

Kwa kuwa nimemtaja, mtazame vizuri, maana atakufundisha kuliko mimi. Katika utenzi wake kifo chake kinabebwa na jambo moja lisilowezekana: mtu huyu hafi kwa silaha yoyote, isipokuwa kwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Sharti limekwisha. Yote yanayofuata ni ya kawaida kabisa, na ndiyo maana yanauma. Mtoto wake mwenyewe anashawishiwa, anaitafuta siri, anamdunga baba yake akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kupiga goti karibu na kisima na kutega mshale, na anakufa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Wenye mitungi hawathubutu kusogea. Mji mzima unashikwa na kiu kwa ajili ya maiti. Mshairi hakuongeza joka wala kimbunga. Aliongeza kisima, kwa sababu kila msikilizaji wake aliwahi kuchota maji.

Sasa tazama kurasa zako. Ukurasa wa kwanza watu wanauza vivuli, vizuri. Ukurasa wa tatu paka anaongea, wa tano mwezi unaanguka, wa nane mzee anapaa. Umenikopa imani yangu mara nne kabla hujalipa deni la kwanza, na hilo ni kosa katika riwaya yenyewe ya madeni. Mwondoe paka, urudishe mwezi mahali pake. Kisha kaa na vivuli mpaka uvijue. Bei ya kivuli hupangwaje, kwa urefu? Basi anayeuza saa kumi jioni anapata zaidi ya anayeuza saa sita mchana, na kutakuwa na foleni jioni na ugomvi katika foleni. Mtoto mchanga ana haki ya kuuza, au mzazi humuuzia? Ukiyajibu haya huna haja ya kuhamia Mwanza, kwa sababu Mwanza itakuja yenyewe pamoja na mikopo yake ya simu, na hakuna atakayekwambia kwamba riba uliyoitaja si sahihi.

Kuna jambo la lugha nataka ulifikirie, kwa maana ni zawadi ambayo wenzetu wa lugha nyingi hawana. Umeandika: “Kivuli chake kilisimama mlangoni, kikakataa kuingia.” Ni sahihi kwa ngeli. Sasa sema kwa sauti: “Kivuli akasimama mlangoni, akakataa kuingia.” Umesikia kilichotokea? Kwa kiambishi kimoja kitu kimepata roho, na hukuhitaji kueleza uchawi wowote. Ngano zetu zimefanya hivyo siku zote. Jiwe likishaanza kusema, msimulizi hodari huacha “likasema” akasema “akasema”, na watoto mkekani wanasogeleana bila kujua kwa nini. Ningekuwa wewe, ningeviacha vivuli vyote katika ki- na vi- vikiwa bado mali ya wenyewe, na siku kimoja kinapouzwa, sentensi ileile ya kutiwa saini, nikakihamishia kwenye a-. Usimweleze msomaji. Atajua.

Ila ujiandae. Nilipofanya hivyo katika mswada wangu wa pili, msahihishaji wa shirika moja la uchapishaji ambalo sitalitaja alipitia kitabu kizima na kurudisha kila kiambishi kwenye ngeli yake, kwa bidii na kwa nia njema, akaniulia mhusika mkuu kwa kalamu nyekundu. Nilitumia wiki mbili kumfufua. Tangu hapo mswada wangu huambatana na barua ya ukurasa mmoja inayoanza na maneno “Hili si kosa.”

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, uanzie wapi sasa kwa kuwa umekata tamaa na mwanzo ulio nao. Katika ukurasa wa sita kuna fundi cherehani ambaye umempa mistari miwili tu: ameuza kivuli chake, na bado kila siku anabeba cherehani yake kwenda kushona chini ya kivuli cha mwembe. Umempita haraka kwenda kwa mzee anayepaa. Rudi kwa fundi. Mwembe ule una mwenyewe, na mwenyewe naye ana madeni.